Nilivyoshindwa kuwalaza wanangu kwenye treni ya usiku, Shinyanga hadi Dodoma

Wakuu, habari za muda huu. Mlio kazini poleni, mlio likizo msitutambie. Hili linawahusu hasa wenye watoto wadogo na kazi za mbali.

Ninayoandika hapa yamenitokea mimi mwenyewe. Siyo ya rafiki yangu, siyo ya jirani. Na sina sababu ya kutia chumvi, maana kwenye kisa hiki mjinga ni mimi.

Mimi ni fundi mitambo huku Geita. Nahudumia makarasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, pamoja na majenereta yake. Familia iko Shinyanga mjini, Kambarage. Narudi nyumbani kila baada ya wiki mbili, nakaa siku mbili, naondoka.

Watoto ni wawili. Mkubwa wa kike, Kabula, miaka minne na nusu. Mdogo wa kiume, Maige, mwaka mmoja na miezi minane.

Sasa mke wangu alikwenda Dodoma kumuuguza mama yake aliyefanyiwa upasuaji wa nyonga. Tulidhani wiki mbili. Zikawa tano, na daktari anasema bado. Watoto walikuwa kwa dada yangu, hapo hapo Kambarage.

Wiki ya tano mke wangu akanipigia, sauti siyo yake.

"Baba Kabula, niletee wanangu. Utawaletaje mimi sijui."

Nikamwambia nitapanda nao basi. Akakataa kabisa. Maige kwenye basi anatapika kuanzia stendi hadi stendi.

"Wapandishe treni ya jioni. Wakishalala tu, huna kazi nyingine."

Wakishalala tu. Wakuu, yashikeni hayo maneno.

Alhamisi nikaomba ruhusa kwa bosi, nikatoka Geita mapema, mchana nikafika Shinyanga, jioni tuko stesheni. Hata nguo za kazi sikubadilisha, nilikuwa na buti zangu zile zile za mgodini.

Dada yangu alitusindikiza na akaanza kunipa maelekezo. Kaka, Maige halali bila kushika sikio la mtu. Kaka, Kabula usimpe soda usiku. Kaka, hiki kitenge ndicho wanachojifunika, usikiweke chini ya begi.

Mimi naitikia "sawa, sawa", huku nahesabu mabegi. Mwanaume anayefungua injini nzima na kuirudisha, atashindwaje kulaza watoto wawili?

Tukapanda.

Vyumba vya kulala tulivyopata vilikuwa na vitanda sita, wanaume kwao na wanawake kwao. Kwa hiyo mimi na wanangu tukaingia chumba cha wanaume. Nilikuwa natarajia nitakuta mama mmoja wa kunisaidia. Hakuna. Watu wazima wanne, wote madume.

Ngoja niwatambulishe watatu. Wa nne alilewa, akapanda kitanda cha juu, akalala mpaka asubuhi. Sina ugomvi naye, nilimuonea wivu.

Wa kwanza ni mzee mmoja mfugaji kutoka Samuye, Mzee Luhende, anakwenda kumuona kijana wake Dodoma. Wa pili kijana mchimbaji, Doto, katoka machimbo ya huku huku kwetu, amepata kidogo anakwenda kupumzika kwao. Wa tatu mwalimu. Jina hakulisema. Yeye alijifunika shuka gubigubi, na kila mtoto akipiga kelele anasonya kutoka ndani ya shuka: "Mchw!"

Treni ikaondoka. Watoto wakafurahi kupita kiasi.

Kosa langu la kwanza: Kabula alisema ana kiu, nikampa soda.

Ndiyo, najua. Dada aliniambia. Nilikuwa nayo mkononi, maji yako chini ya mabegi, na mtoto analia. Nikampa. Nusu saa baadaye mtoto anaruka kitanda cha chini kuja cha pili kama swala.

Nikasema sawa, wacha wachoke wenyewe.

Wakuu, hakuna uongo mkubwa kama huo. Mtoto hachoki. Anayechoka ni wewe.

Nikawapa simu waangalie katuni. Ikafanya kazi mpaka Isaka, chaji ikafika mahali pabaya, nikaichukua. Maige akalia kama amefiwa. Mwalimu: "Mchw!"

Nikawatembeza kwenye korido, mmoja mgongoni na mmoja mkononi. Kila kituo kina watu wanauza karanga na mayai ya kuchemsha, taa zinapita dirishani, Kabula anauliza: "Baba, hapa wapi? Baba, na hapa? Wanashuka? Wote wanashuka?"

Nikafikiri ni udadisi wa mtoto. Nikawa najibu tu.

Nikarudi chumbani, nikampigia mama yao awaimbie ule wimbo wao. Akaimba vizuri, Maige akaanza kulegea kabisa, kichwa kinaanguka begani kwangu. Mara mtandao ukakata. Tumeingia porini. Maige akaitazama simu, akanitazama mimi, akaanza upya.

Nikajaribu kuuimba mwenyewe. Wimbo wa wanangu, wakuu, nikakuta naujua mstari mmoja. Nikaurudia ule ule mara kumi hivi, mpaka Kabula akaniambia, "Baba, siyo hivyo, nyamaza."

Mzee Luhende naye akaamua kusaidia. Akamwita Kabula, akamsimulia hadithi ya fisi anayekula watoto wasiolala.

Mzee, nakuheshimu popote ulipo, lakini hadithi gani ile? Mtoto ambaye alikuwa hataki kulala, sasa hataki hata kufumba macho. Anauliza kama fisi anaweza kupanda treni.

"Anaweza ikiwa inakwenda polepole," mzee akajibu.

Nilitamani kushuka.

Wa kwanza kulala akawa Maige, na siyo kwa ufundi wangu. Nilikuwa nimemweka pembeni ya mzee nitafute nepi kwenye begi. Nikiinuka nakuta ameshika sikio la Mzee Luhende kwa vidole viwili, analisugua taratibu, macho yanafunga. Hapo ndipo nikakumbuka maneno ya dada.

Mzee akawa amekaa kichwa kimepinda, hathubutu kugeuka.

"Nikae hivi mpaka lini?" akaniuliza kwa kunong'ona.

"Kidogo tu mzee, wabeja sana," nikamshukuru kwa Kisukuma ili asikasirike.

Alikaa hivyo zaidi ya saa nzima. Kwa hilo la fisi nilimsamehe.

Sasa akabaki Kabula.

Nikamlaza kitanda cha chini, nikamfunika kitenge, nikakaa ukingoni. Nikimtazama, macho makavu, yananiangalia. Nikigeuka kuvuta begi, anainuka. Nikisimama kunyoosha mgongo, anakaa kabisa. Nikienda chooni, nikirudi namkuta kasimama mlangoni peku, na Doto anamshika mkono asitoke nje.

"Lala."

"Nalala."

Halali.

Nilimbembeleza. Nikamuahidi pipi. Nikamtishia. Mwisho nikamfokea, tena kwa sauti ile ninayotumia machimboni jenereta likiwa linanguruma. "Wewe Kabula! Unataka nini lakini? Lala!"

Hakulia. Ningependelea alie. Alijikunyata ukutani, akavuta kitenge mpaka kidevuni, macho yamemtoka, ananitazama tu.

Nilikuwa sijalala tangu usiku wa jana yake, nilikesha na mashine iliyoharibika. Macho yanawaka. Mwalimu akafunua shuka safari hii, akasema kwa ustaarabu wa kuudhi, "Ndugu, na sisi tumelipa kulala."

Ndipo Doto akaingiza mkono kwenye begi lake, akatoa kichupa.

"Bro, mpe hii. Dawa ya mafua. Mimi nikinywa naenda kama gogo. Kizibo kimoja tu anatulia mpaka Dodoma."

Wakuu, mtanisema, na mna haki. Nilikichukua kile kichupa. Karatasi yake ilishachanika, hata jina halisomeki. Mtoto hana mafua, hana homa, hana chochote. Lakini nilikuwa nimefika mwisho. Nikajaza kizibo.

Nikamwambia, "Kabula, njoo unywe dawa."

Akasogea. Mtoto wangu ni mtiifu kwa dawa. Akafungua mdomo, halafu akaufunga.

"Baba, ni ya nini?"

"Ya kulala vizuri."

Akafikiri kidogo. Akasema, siyo kwa kulalamika, anauliza tu kama anavyouliza tumefika wapi:

"Nikinywa nikalala, wewe ndiyo utashuka?"

Sikuelewa. Nikamuuliza nishuke wapi.

"Nikilala huwa unaondoka," akasema. "Nikiamka haupo."

Nikabaki na kizibo mkononi.

Ngoja niwaeleze kitu. Mimi siku ya kurudi Geita naondoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri. Kabula alipokuwa na miaka miwili aliwahi kuniona natoka, akalia mpaka akapoteza sauti, nami nikafika kazini nimevurugika siku nzima. Tangu siku hiyo tukapanga na mama yake: natoka kimya kimya akiwa amelala. Viatu navaa nje, mlango nausukuma taratibu. Tukajipongeza kwamba mtoto halii tena.

Kumbe mtoto alishapiga hesabu yake. Akilala, baba anapotea. Kwa hiyo baba akiwepo, dawa ni kutolala. Usiku ule wote mimi namfokea, yeye alikuwa ananilinda. Kila kituo anauliza kama watu wanashuka, alikuwa anataka kujua kama na mimi ni mmoja wao.

Nikaimwaga ile dawa dirishani. Nikamrudishia Doto kichupa chake.   Baadaye kidogo mwalimu akasema kutoka kwenye shuka, safari hii polepole, "Na mimi wangu huwa nawatoroka hivyo hivyo."

Nikamwambia Kabula, "Sishuki. Tunakwenda wote mpaka kwa mama."

Akanitazama. Maneno matupu, hayakumtosha. Akashusha macho miguuni kwangu.

"Vua viatu."

Nikavua. Zile buti za mgodini zina grisi, zina vumbi la mawe, na nimezivaa tangu alfajiri. Harufu iliyotoka pale sitaielezea. Mzee Luhende alishindwa kugeuza kichwa kwa sababu ya sikio lake, akabaki kufumba macho tu.

Kabula akachukua buti moja, akaliingiza ndani ya kitenge, akalikumbatia kama mwanasesere. La pili akalisukuma nyuma ya mgongo wake, ukutani. Akalala.

Siongezi chumvi. Hata dakika kumi hazikufika. Mtoto aliyenitesa tangu Shinyanga.

Tukafika Tabora, treni ikasimama muda mrefu. Maige akaamka anataka maziwa, na maji ya moto ya kwenye chupa yameisha. Nikataka kushuka nikanunue. Nikavuta buti taratibu sana kutoka kwenye kitenge.

Macho yakafunguka papo hapo.

"Baba?"

"Nipo."

Nikaliacha. Doto akajitolea kushuka, akarudi na maji ya moto, na chai kwa wote. Yule kijana ana roho nzuri, tatizo lake ni lile duka la dawa analotembea nalo.

Sasa mtadhani mambo yaliishia hapo, mimi nikalala kwa amani. Hapana.

Sikulala. Kwa sababu plan yangu ilikuwa hii: Ijumaa tunafika Dodoma, Jumapili alfajiri mimi napanda basi narudi Geita. Na mke wangu alishanikatia tiketi ya saa kumi na mbili asubuhi, makusudi, ili watoto wawe wamelala.

Yaani nimetoka kumuahidi mtoto sishuki, na siku mbili mbele nakwenda kumfanyia yale yale.

Asubuhi, bado hatujafika Manyoni, wamekunywa chai, jua liko dirishani, nikamkalisha pajani. Nikamwambia, "Kabula, sikiliza. Jumapili baba ataondoka. Nitaondoka mchana, ukiwa macho. Nitakuaga na utanisindikiza."

"Jumapili ni kesho?"

"Kesho Jumamosi. Ikiisha hiyo, ndiyo Jumapili."

Akashuka pajani. Akaenda kukaa kwa Mzee Luhende, akanigeuzia mgongo. Hakunisemesha mpaka Dodoma. Masaa yote yale! Nikimpa yai hapokei kwangu, mpaka nimpe mzee naye ampe yeye.

Nikajisemea, ona sasa, ukweli wenyewe ndiyo huu. Bora ningenyamaza.

Tukafika jioni, mama yao yuko stesheni, sina haja ya kueleza ilivyokuwa. Usiku nikamsimulia. Nilidhani atanielewa. Akanikasirikia.

"Sasa umemwambia ili iweje? Utamliza mtoto bure. Mama ni mgonjwa humu ndani, kelele za nini? Ondoka alfajiri kama kawaida, atalia kidogo atasahau."

"Hasahau," nikamwambia. "Anahesabu."

Tulibishana, nisiwafiche. Mama mkwe naye kutoka kitandani akatoa wazo kwamba Kabula apelekwe dukani, mimi nipitie mlango wa nyuma. Mwanamke ana nyonga mpya lakini akili ya kutoroka iko timamu.

Nikakataa. Nikabadilisha tiketi, nikachukua basi la mchana. Bosi nikampigia kwamba Jumatatu nitachelewa, akaniambia maneno ambayo hapa moderator atayafuta.

Jumapili tukaenda stendi, mimi na Kabula na mama yake; Maige tulimwacha kwa jirani. Njiani ameshika kidole changu, anaongea vizuri tu, anauliza Geita kuna mbuzi. Nikajua nimeshinda.

Basi lilipoingia, akabadilika. Akanikamata suruali kwa mikono yote miwili. Alilia, wakuu. Alilia mpaka abiria wanachungulia madirishani. Kondakta ananiharakisha. Mama yake ananitazama kwa jicho la "nilikwambia". Nikabandua vidole vyake kimoja kimoja, nikamwambia, "Naondoka Kabula. Nitarudi. Kwaheri."

Nikapanda. Nikakaa upande wa dirisha anaponiona, nikapunga mkono mpaka basi likatoka getini. Yeye hakupunga. Alikuwa amejificha uso begani kwa mama yake, analia.

Kuanzia pale hadi Singida nilijilaumu. Nikasema nimemtesa mtoto kwa ajili ya kutuliza dhamiri yangu tu. Jirani yangu kwenye siti akaniuliza kama nimefiwa.

Tulipokaribia Nzega, simu ikaita. Mke wangu. Nikapokea nikiwa tayari kwa lawama.

"Kabula kalala," akasema.

"Saa hizi? Si ndiyo kwanza saa mbili na nusu?"

"Kalala mwenyewe. Nimemfunika akaniambia, 'Baba kaondoka, nilimuona.' Halafu akageukia ukutani akalala."

 Akaongeza, "Sijawahi kumuona analala hivyo siku uliyoondoka."



Wakuu, mafunzo niliyopata ni haya. Ukisafiri na mtoto usiku, beba maji, acha soda, sikiliza maelekezo ya anayeishi naye, na dawa isiyo ya ugonjwa wake usimpe, hata ukiwa umechoka kiasi gani. Hayo ni ya kawaida, mnayajua kuliko mimi.

Lililobaki sikulijua. Kwamba mtoto asiyelala pengine siyo mkorofi. Pengine ana kitu anachokilinda, na anachokilinda ni wewe.

Kwa hiyo swali langu ni kwa wale wa machimboni, madereva, walinzi, na wote mnaolala mbali na nyumba zenu. Nyinyi mnaondokaje? Mnaaga, au na nyinyi mnavaa viatu nje?

Semeni ukweli, humu hatujuani. Na mwalimu wa kile chumba, kama uko humu, nataka kusikia wewe kwanza.